Kuiga sensa za taa katika EnergyPlus: akiba inaonekana kubwa kupita kiasi

Swali
Habari za kazi, ndugu wataalamu. Kwa EnergyPlus, programu ya kompyuta ya kuiga nishati ya majengo, ninaiga matumizi ya nishati ya ofisi inayoingia ndani mita 12 kutoka dirishani. Dirisha limeenea ukuta mzima, na ukingo wake wa juu uko mita 2.7 kutoka sakafuni. Taa ni za LED, wati 8 kwa mita ya mraba, na lengo ni mwanga wa luksi 500 mezani. Nimeweka nukta rejea moja (mahali ambapo programu hukokotoa mwanga ili kuamua taa zififishwe kiasi gani), mita 2 kutoka dirishani, nikaipa udhibiti wa chumba chote. Tena nimepunguza wati za taa kwa asilimia 10 kwa ajili ya sensa za watu, yaani vihisi vinavyozima taa pasipo na mtu. Matokeo yanaonyesha kwamba mchana karibu taa zote hushuka hadi kiwango cha chini kabisa. Mwenye jengo amefurahi, lakini mimi siyaamini. Nianzie wapi kukagua?

Jibu la kwanza
Una haki ya kutilia shaka, na mimi ningeanza na nukta hiyo moja. Mwanga wa mchana hupungua upesi kadiri unavyoliacha dirisha, kwa hiyo ukiiambia programu kwamba hali ya mita 2 ndiyo hali ya chumba kizima, taa za nyuma zitafifishwa kwa mwanga ambao hauzifikii. ASHRAE 90.1, kiwango cha Marekani cha matumizi ya nishati katika majengo, huhesabu kina cha eneo la kwanza la mwanga wa mchana kuwa sawa na kimo cha ukingo wa juu wa dirisha, na eneo la pili huongeza kina kingine kama hicho. Kwako kila eneo ni mita 2.7, yaani asilimia 22.5 ya chumba. Weka nukta mbili, kila moja ikidhibiti sehemu ya 0.225, asilimia 55 inayobaki itafuata ratiba ya kuwasha taa tu.

Fahamu pia kwamba njia ya kawaida ya programu hiyo huchukulia mwanga unaoakisiwa na kuta kana kwamba umetawanyika sawasawa, jambo linalozipendelea mno sehemu za ndani. Kwa chumba chenye kina kama hiki, ningekokotoa mwanga kwa Radiance, programu ya kuiga mwanga, kisha nikaingiza matokeo kama ratiba ya taa.

Jibu la pili
Nakubaliana, ila usiache thamani za awali za programu zilivyo: taa ikififishwa hadi mwisho, 0.3 kwa nguvu ya chini na 0.2 kwa mwanga wa chini, kama sehemu ya kiwango kamili. Kwa thamani hizo, jua likitoa luksi 300 kati ya 500, taa hutoa asilimia 40 ya mwanga wake lakini hula asilimia 47.5 ya nguvu. LED nyingi hufanya vizuri zaidi ya hapo, kwa hiyo tafuta takwimu za mtengenezaji.

Hata hivyo, kwa maoni yangu kinachopotosha zaidi ni mapazia. Watu huyafunga jua linapowachoma machoni, na mara nyingi hubaki yamefungwa hata baada ya jua kuhama. Modeli isiyo na mapazia huhesabu mwanga ambao wenye ofisi wameshaukataa.

Mwuliza
Ahsanteni sana. Na ile asilimia 10 ya sensa za watu, niiondoe?

Jibu la tatu
Inategemea ratiba yako. Ikiwa imetokana na vipimo vya jengo lenye sensa, watu kutokuwepo kumeshahesabiwa, nawe unahesabu mara mbili, iondoe. Ikiwa ni ratiba ya jumla, ibakize, lakini iweke katika ratiba badala ya kugusa wati, ili mkaguzi aone nguvu ya taa zilizofungwa kweli. Kumbuka kwamba programu huzidisha ratiba kwa kigezo cha kufifisha: akiba ya asilimia 10 pamoja na ya asilimia 30 huleta 37, si 40. Taa za dharura zitenge katika kundi lake ambalo halififishwi. Mwisho, usisome mstari wa taa peke yake, kwa sababu taa zikipungua, joto zinalotoa hupungua pia, hivyo kazi ya kupoza hushuka na ya kupasha joto hupanda.