Mwendesha mashtaka wa serikali akigeuka mgombea: sifa ya mahakamani inamfaa au inamponza?

Mpenda Katiba (swali)

Wanajukwaa, habari zenu. Nimekuwa nikifuatilia wanasiasa waliotokea katika ofisi za mashtaka, na kuna jambo linanitatiza. Keir Starmer alikuwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma wa Uingereza na Wales tangu 2008 hadi 2013, akaingia bungeni 2015, na Julai 2024 akawa waziri mkuu. Yoon Suk-yeol wa Korea Kusini alijiuzulu uendesha mashtaka mkuu Machi 2021, na mwaka mmoja tu baadaye akachaguliwa kuwa rais bila kuwahi kukalia kiti chochote cha kupigiwa kura. Je, sifa anayoipata mtu kwa kuwatia wengine hatiani inamfaa akishashika madaraka, au inamfaa siku ya kura tu? Naomba majibu yenye mifano, si ushabiki wa vyama.

Wakili Mstaafu

Ndugu Mpenda Katiba, kabla ya hao wawili ningekurudisha kwa Thomas Dewey wa New York. Mwaka 1935 gavana Herbert Lehman alikubali ateuliwe mwendesha mashtaka maalumu wa kupambana na magenge, akiwa na miaka 33 tu. Mwaka uliofuata alimtia hatiani Lucky Luciano, aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wa magenge wa jiji hilo, kwa makosa ya biashara ya ukahaba, naye akahukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi 50. Tazama kesi ilivyojengwa: Luciano hakukutwa na silaha wala hakunaswa akipokea fedha, bali Dewey aliwaleta mahakamani wanawake waliofanya kazi katika madanguro pamoja na waliowasimamia, shahidi mmoja baada ya mwingine, mpaka baraza la wazee wa mahakama likaridhika kwamba nyuma yao kulikuwa na mtu mmoja.

Umaarufu huo ulimpa uchaguzi wa 1937, alipochaguliwa mwendesha mashtaka wa Manhattan. Mwaka 1938 akagombea ugavana dhidi ya Lehman yule yule (siasa haina shukrani), akashindwa kwa kura chache, akaupata 1942 na kukaa vipindi vitatu. Kisha Januari 1946 gavana Dewey akampunguzia adhabu Luciano, aliyemfunga kwa mikono yake mwenyewe, kwa sharti kwamba apelekwe Italia. Sababu iliyotajwa ni msaada wake kwa jeshi la majini la Marekani wakati wa vita. Wapinzani waliling'ang'ania jambo hilo kwa miaka. Mwendesha mashtaka hujiuliza kama ushahidi unatosha, na akishapata jibu kazi yake inaonekana kwa kila mtu. Gavana huamua mambo ambayo ushahidi wake hauwezi kuanikwa hadharani, na sifa ya zamani haimkingi.

Hata kushindwa kwake na Rais Harry Truman katika uchaguzi wa urais wa 1948, kwa kura za wajumbe 189 dhidi ya 303, mimi nakusoma hivyo hivyo. Aliendesha kampeni ya tahadhari, kama mtu aliyekwisha kufunga ushahidi wake na hataki kuupa upande wa pili nafasi ya kumhoji.

Karani wa Masijala

Mzee wangu Wakili Mstaafu, kwa heshima zote, Dewey ni mfano wa zama ambazo mwendesha mashtaka mkuu alisimama mwenyewe mbele ya jaji. Mkurugenzi wa mashtaka wa leo huongoza taasisi ya maelfu ya watumishi, na kinachobaki na jina lake ni uamuzi wa kushtaki au kutoshtaki. Februari 2010 Starmer alitangaza mashtaka dhidi ya wabunge watatu wa chama cha Labour na mjumbe mmoja wa Conservative katika Bunge la Mabwana kuhusu madai yao ya posho. Miaka kumi baadaye akawa kiongozi wa chama hicho hicho cha Labour.

Lakini wapinzani walipotaka kumchafua hawakuligusa jalada hilo. Januari 2022 Boris Johnson, waziri mkuu wa wakati huo, alidai bungeni kwamba Starmer alishindwa kumshtaki Jimmy Savile, mtangazaji maarufu wa televisheni aliyetuhumiwa kuwadhalilisha watoto kingono. Ni kweli kwamba mwaka 2009 ofisi ya mashtaka haikumfikisha Savile mahakamani, ila hakuna ushahidi kwamba Starmer mwenyewe alihusika katika uamuzi huo. Aliomba radhi mwaka 2013 kwa niaba ya ofisi. Dai lilikuwa dhaifu kiasi kwamba mkuu wa sera wa Johnson alijiuzulu kwa sababu yake, lakini lilienea. Ninavyoona, aliyetiwa hatiani hupewa sababu za hukumu na jaji, zikaandikwa na kusomwa, ilhali asiyeshtakiwa huacha jalada lililofungwa bila maelezo, na kila mtu hulijaza anavyotaka.

Isitoshe, si kweli kwamba mtu huyo huanza siasa siku anapochukua fomu. Mwaka 2010, baada ya uamuzi wa Bunge la Mabwana likiwa mahakama ya juu, Starmer alitoa mwongozo wa vigezo vya kumshtaki au kutomshtaki anayemsaidia mgonjwa kujiua. Novemba 2024, akiwa waziri mkuu, aliupigia kura ya ndiyo muswada wa kuruhusu msaada huo kwa wagonjwa walio karibu na kifo. Ni suala lile lile, ila safari hii alikuwa na kura moja tu kama mbunge mwingine yeyote.

Mtazamaji wa Mashariki

Naongeza kuhusu Yoon. Mwaka 2018 ofisi aliyoiongoza mjini Seoul ilimshtaki rais wa zamani Lee Myung-bak. Desemba 2022, akiwa rais, Yoon akamsamehe. Habari ya Luciano inajirudia, sivyo? Ila lililomwangusha ni jingine. Alizoea taasisi ambamo amri hushuka kutoka juu, akakuta Bunge lenye wapinzani wengi ambao hawakuwa watuhumiwa wake. Tarehe 3 Desemba 2024 akatangaza utawala wa kijeshi, wabunge wakaukataa kwa kura ndani ya saa chache, na tarehe 4 Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ikamwondoa madarakani. Sisemi kila mwendesha mashtaka yuko hivyo, lakini tabia ya ofisi ni ngumu kuiacha mlangoni.

Mpenda Katiba

Nashukuru sana. Basi je, kuna sheria inayomtaka asubiri kabla ya kugombea, ili asitumie majalada kujitafutia jimbo?

Karani wa Masijala

Zipo, ila nyingi ni fupi. Nchini Kenya Sheria ya Uchaguzi humtaka mtumishi wa umma anayetaka kugombea ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya uchaguzi, wakati jalada zito linaweza kukaa mezani miaka. Brazil walikwenda mbali zaidi. Deltan Dallagnol, aliyekuwa mwendesha mashtaka katika kesi za rushwa za Lava Jato, alijiuzulu Novemba 2021, na mwaka uliofuata akachaguliwa mbunge kwa kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote wa ubunge katika jimbo la Paraná. Mei 2023 mahakama ya uchaguzi ilimvua ubunge, ikisema alitoka kazini mapema ili kukwepa mashauri ya nidhamu ambayo yangeweza kumzuia kugombea. Binafsi nasita kuufurahia uamuzi ule, kwa kuwa mashauri yenyewe yalikuwa bado hayajafikia hatua ya adhabu, na mahakama ilihukumu nia yake kwa kuangalia tarehe aliyoandika barua ya kujiuzulu.