Tupeane uzoefu: Tunawafundishaje wanafunzi kusoma kitabu cha kiada?

Walimu wenzangu, salaam. Ninafundisha Biolojia katika sekondari ya kata wilayani Urambo. Kidato cha kwanza hufika wakiwa wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hukabidhiwa kitabu cha Kiingereza na kuambiwa wakisome. Wengi hunakili ukurasa mzima kwenye daftari, wakiamini kwamba kunakili ndiko kusoma.

Mimi hufuata hatua tano alizozieleza Mmarekani Francis Robinson mwaka 1946: kuipitia sura juu juu, kujiuliza maswali, kusoma, kueleza bila kutazama kitabu, na kudurusu. Kazi kubwa imo katika hatua ya nne. Tukisoma usafirishaji katika mimea, kichwa kidogo cha habari tunakigeuza kuwa swali, “Maji hupandaje kutoka mizizini hadi majani?”, na baada ya aya mbili kitabu hufungwa, kila mmoja akamjibu jirani yake kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kiingereza. Najua wapo watakaonilaumu kwa hicho Kiswahili, lakini asiyeweza kulieleza jambo kwa lugha anayoimudu bado hajalielewa. Ninyi mnafanyaje?

Mwalimu, Kasulu:
Kwetu kitabu kimoja husomwa na wanafunzi wanne, kwa hiyo nimeugeuza uhaba huo kuwa utaratibu. Mmoja hubashiri kinachofuata, wa pili huuliza maswali, wa tatu hufafanua maneno magumu akiwa na kamusi, wa nne hufupisha, na katika aya inayofuata zamu hubadilishwa. Ni njia ya watafiti wa elimu Palincsar na Brown, waliyoichapisha mwaka 1984. Zamu zisipobadilishwa, mwenye Kiingereza kizuri hufupisha kila siku na wengine husinzia.

Mzazi, Ujiji:
Mimi Kiingereza sikijui, ila jioni humwambia kijana wangu anisomeshe alichosoma, kitabu kikiwa kimefungwa. Akianza kutafunatafuna maneno, humrudisha kwenye mchoro anionyeshe kwa kidole kinachotoka wapi na kinachokwenda wapi. Mara nyingi hukwama palepale alipodai kuwa ameelewa.

Mwalimu, Nzega:
Shikamooni wakubwa. Kwa Hisabati hatua hizo hazitoshi. Ninawaagiza wafunike kwa karatasi ufumbuzi wa mfano uliomo kitabuni, wakokotoe wenyewe, kisha waufunue mstari kwa mstari, na palipotofautiana waandike sababu kwa penseli kwenye daftari, kwa kuwa kitabu ni mali ya shule.