Mrejesho: wanachama kuikimbia jimu yangu ya Mbagala

Wakuu, habari zenu. Mwezi wa tatu niliuliza kwa nini watu wanalipia jimu yangu mwezi mmoja kisha wanapotea. Asanteni sana mlionijibu.

Nilianza na daftari: kila usiku kabla ya kufunga naandika nani kaja, nani kakosa, na mimi nimekosea wapi. Na aliyesema niwapigie simu walioacha, Mungu ambariki. Niliwapigia 14. Mama mmoja akaniambia, "Kocha, siku ya kwanza tu ulinipigisha skwati, kuchuchumaa na kuinuka, na chuma begani, kesho yake nikashindwa kupanda daladala." Iliniuma, maana ni kweli, wageni nilikuwa nawapa mazoezi ya wazoefu. Sasa mgeni hagusi chuma wiki 2 za mwanzo, anakaa na kuinuka kwenye benchi tu. Wengi wanabaki, na yule mama karudi.

Kilichogoma ni darasa la saa 11 alfajiri. Nimelijaribu wiki 6, wanakuja 2 au 3, na mwalimu lazima alipwe. Nimelifunga. Bei sijashusha, maana mlinisihi nisishushe. Daftari naendelea nalo.