Riwaya ya mapenzi ya sikukuu yenye fumbo na mzimu: niiweke Mikindani, Kilwa Kivinje au Tendaguru?

Binti_Mikindani

Habari zenu wakuu, hasa nyie wa kusini. Naandika riwaya ya mapenzi ya enzi za Mjerumani, mambo yote yanatokea kipindi cha sikukuu, na humo humo nataka kuwe na fumbo la kufumbua na kuwe na mzimu, tena mzimu wa kweli sio mtu kajifunika shuka. Wahusika ninao, mapenzi yenyewe ninayo, kilichonikwamisha ni mahali. Sehemu ziko tatu na kila nikiamka naipenda nyingine, kwaiyo naziweka hapa mnisaidie.

Ya kwanza ni hapa kwetu Mikindani. Boma la 1895 lipo kule juu, mji upo chini, nyumba za mawe na milango ya nakshi, ghuba imetulia. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866. Kwa mapenzi hapa napaona pazuri kuliko kote maana Desemba kaskazi inashika, majahazi yanashuka kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na nahodha akishafika harudi kwao mpaka kusi ianze kuvuma, Aprili huko. Msichana anajua toka siku ya kwanza kwamba huyu mtu ataondoka na mwezi wa kuondoka anaujua, na bado anampenda. Mzimu ni wa mtumwa aliyefia bandarini.

Ya pili Kilwa Kivinje. Hassan bin Omari Makunganya aliyewasumbua Wajerumani akanyongwa pale Novemba 1895, na mahali penyewe mpaka leo panaitwa Mwembe Kinyonga. Fumbo ni barua, nani aliiandika na ilimfikia nani.

Ya tatu Tendaguru, kule Lindi, wakati Wajerumani wanachimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Hii ndio naijua kidogo kuliko zote ila inanijia usiku.

Nisaidieni jamani, na mseme kwa nini, msinipe tu kura.

KaskaziniMwaShangani

Mikindani bila kufikiria mara mbili dada. Hilo la nahodha na upepo limeshanishika moyo hata kabla sijasoma. Riwaya ya mapenzi inataka muda unaokimbia na wewe upepo ndio unakuhesabia. Afu unaishi hapo hapo, ukitaka kujua kibaraza fulani jua linakipiga saa ngapi unatoka nje unaangalia.

Mswahili_wa_Kivinje

Mwanangu, mimi nitakutetea Kivinje kwa sababu ni kwetu na kwa sababu watu wanaikimbilia Kilwa Kisiwani kwenye magofu ya wafalme halafu Kivinje wanapita tu. Karne ya 19 huu ndio ulikuwa mji wenyewe, pembe na watumwa kutoka Nyasa walikuwa wanashukia hapa, matajiri wamejenga ghorofa mbele ya bahari, kuta zake nyingine bado zimesimama na mizizi ya miti imepenya kwenye mawe. Ukitembea pale wakati wa magharibi peke yako huhitaji mtu akuhadithie habari za mizimu.

Ila nakuomba kitu kimoja. Makunganya asifanywe mzimu wa kutisha wapenzi usiku. Yule ni mtu alipigania nchi yake, ana heshima yake. Ukimtaja mtaje kwa jina na umwache apumzike, mzimu wako tafuta mwingine.

Mwl_Kalenda

Naomba niingilie kwenye sikukuu maana naona wote mmeiruka na ndiyo iliyobeba riwaya nzima. Sikukuu gani? Nimekaa na kalenda ya Hijria nikalinganisha, sikieni.

Kivinje Novemba 1895 hakuna sikukuu karibu. Idd el-Fitr inayofuata iliangukia katikati ya Machi 1896, kwaiyo utabaki na Krismasi ya maafisa wa Kijerumani peke yao ndani ya mji wa Waislamu waliotoka kumpoteza mtu wao. Hapo utapata riwaya ya majonzi, ya mapenzi sidhani.

Mikindani, ukiisogeza hadi 1903, unapata zawadi. Mwaka ule Idd el-Fitr iliangukia kama tarehe 21 Desemba, siku chache tu kabla ya Krismasi. Mji unatoka kwenye mfungo, nguo mpya, ubani kila nyumba, halafu boma nalo linawasha mishumaa yake wiki hiyo hiyo.

Tendaguru chukua 1910. Idd el-Hajj ilikuwa kama tarehe 13 Desemba, kwaiyo kati ya Idd kubwa na Krismasi una siku kumi na kitu za kuchezea. Usibanwe na wiki moja, hizo siku kumi na kitu zinatosha watu kupendana na zinatosha kitu kupotea.

Mama_Riwaya_Ligula

Mimi ni msomaji tu wa hadithi za mapenzi, nazisoma sana, naomba niseme kinachonichosha. Mwandishi anaweka mzimu mlango ukajifunga, taa ikazimika, msichana akapiga kelele akamkumbatia kijana, basi, kazi ya mzimu imeisha. Mzimu unakuwa kisingizio cha kukumbatiana! Mimi nataka mzimu ambao ukiutoa kwenye kitabu mapenzi yenyewe hayasimami. Na nataka wale wawili wawe na kitu cha kufanya pamoja kwa mikono, sio kutazamana tu kwenye baraza kurasa mia mbili. Samahani kama nimesema sana.

Mmwera_Halisi

Hujasema sana mama, umenifungulia njia. Mimi kwetu ni upande wa huko Tendaguru na hili jambo nimelifuatilia kwa miaka, nitaandika ndefu mnivumilie.

Watu wakisikia Tendaguru wanafikiria Wajerumani wawili watatu na kofia zao. Kazi waliifanya wazee wetu. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, kuna aina ya dinosaria imepewa jina lake miaka ya karibuni tu hapa, Australodocus bohetii, ila nenda mtaani Lindi uulize kama kuna mtu anamjua. Wafanyakazi walifika mia tano hivi, na familia zao, vijiji vikaota kuzunguka kilima. Kila mfupa uliotoka ardhini uliondoka pale kichwani na mabegani, hakuna gari wala reli, siku tatu nne kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, na jumla yake ni zaidi ya tani 200. Yule mkubwa anayesimama makumbusho Berlin, mrefu zaidi ya mita 13, alitembea mpaka Lindi kipande kipande juu ya vichwa vya watu.

Sasa mama wa Ligula anataka kazi ya mikono. Mifupa mingi ilikuwa inafungwa kwenye mianzi. Unapasua mianzi, unaipanga kuzunguka mfupa na kuibana kwa kamba mpaka kifurushi kikaze, maana kikilegea njiani mfupa unavunjika. Mtu mmoja anashika, mwingine anakaza. Huwezi kumfungia mwenzio mzigo kila siku bila kumjua mikono yake. Hapo mapenzi yako yanaanzia dada, wala hayahitaji baraza.

Na Desemba ni mwisho wa msimu, mvua zinakuja, kila mtu anakimbizana mizigo itoke kabla njia hazijaharibika. Haraka ile ndiyo inayofanya kifurushi kimoja kipite bila kuandikwa.

Halafu mzimu. Maji Maji iliisha 1907. Huku Wamwera waliingia vitani 1905, misheni ya Nyangao ikachomwa, kisha askari wakaja kuchoma vijiji na vyakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Watu walifia porini, hakuna sanda, hakuna aliyewasomea talakini. Miaka miwili tu baadaye anakuja mtu anakulipa uchimbe mifupa kwenye ardhi ile ile! Mzungu anatafuta mifupa ya mnyama na wewe unayechimba unajua kaka yako yuko huko huko chini mahali fulani na hakuna aliyekuuliza habari zake.

Mzimu wa kwetu hautembei kutisha watu bure, ukija una dai. Wa huyu unataka kuzikwa.

Binti_Mikindani

Mmwera nimesoma hiyo mara nyingi sijui hata nijibu nini. Yani nimeona kitabu kizima. Kifurushi kimoja cha mianzi ndani yake hakuna dinosaria, kuna mtu. Nani alimfunga humo, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, na meli inaondoka Lindi karibu na Krismasi. Binti ndiye anayegundua kwa sababu amezoea uzito wa vifurushi na ufungaji wa yule kijana, na hiki anaona kabisa fundo sio la kwake. Au ni la kwake na anamficha.

KaskaziniMwaShangani

Aisee hapo kwenye "au ni la kwake" mwili umenisisimka. Ila dada nahodha wangu je? Tunamwacha hivi hivi na kaskazi yake?

Treni_ya_Nachingwea

Naona mnakaribia kuamua lakini naweka ya nne mezani. Nachingwea, Krismasi ya 1949, mradi wa karanga wa Mwingereza ulioanza 1947 na kufa 1951. Reli ya mradi ule ilifungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60. Mzimu wa honi ya treni usiku mahali ambapo hakuna tena reli, mapenzi ya fundi wa treni na binti wa Masasi. Tuta la reli sehemu nyingine bado unaliona ukiangalia vizuri.

Mama_Riwaya_Ligula

Treni nzuri mwanangu, iandike wewe, nitainunua. Ila haishindi mtu aliyefungwa kwenye mianzi.

Mswahili_wa_Kivinje

Nami nakubali Tendaguru ingawa moyo unauma. Na hilo la mtu kusafirishwa Ujerumani usiogope kwamba watu wataona umezidisha, mafuvu ya watu wetu yalichukuliwa kweli enzi zile yakapelekwa kule. Novemba 2023 rais wa Ujerumani alikuja Songea akaomba radhi kwa wajukuu wa waliouawa Maji Maji. Baadhi ya vile vifurushi vya mianzi vya Tendaguru navyo vilikaa miongo na miongo Berlin bila kufunguliwa. Kwaiyo mwisho wako una njia mbili mwanangu, wazee wakizuie bandarini wamzike Lindi, au kipite.

Mwl_Kalenda

Kikipita riwaya inageuka nyingine kabisa. Msomaji wa mapenzi ya sikukuu anataka afike mwisho watu wako pamoja na marehemu kazikwa. Mimi nasema azikwe Lindi kabla ya Krismasi, usiku, na wale wawili wawe miongoni mwa wanaochimba kaburi. Wamezoea kuchimba ili watoe, hapa wanachimba ili warudishe.

Binti_Mikindani

Basi ni Tendaguru, Desemba 1910, toka Idd kubwa mpaka siku meli inaondoka. Nahodha nitamhifadhia riwaya nyingine ya Mikindani 1903, Kaskazini usinune, Idd na Krismasi wiki moja siwezi kuiacha. Makunganya nimesikia mzee, nitamtaja kwa heshima kupitia mzee mmoja wa bandarini aliyewahi kuishi Kivinje.

Mmwera nina maswali mengine kwako. Wachimbaji pale kilimani walikuwa wanakula nini Desemba wakati mazao hayajatoka, na Idd ile wangechinja nini? Nataka sura ya kwanza ianze na sufuria.

Mmwera_Halisi

Sura ya kwanza weka ugali wa mtama, na ming'oko, maana hiyo inachimbwa porini na huku ndiyo imewavusha watu kwenye njaa nyingi. Ya Idd weka mbuzi, ng'ombe usiweke, ukanda ule ulikuwa na mbung'o. Na usiseme sufuria, weka chungu. Ukimaliza sura hiyo itume hapa niipitie kabla hujaendelea, na kama kuna Mmwera mwingine humu mwenye bibi aliyesimuliwa habari za kubeba ile mizigo ajitokeze.