Bakapu ya usiku inafika asubuhi bado inabana, shida ni xz ama ni mimi?

seva_ya_indaa: Wakuu habari zenu. Niko na seva ya ofisi hapa Industrial Area, prosesa yake ina kori 8, kila saa sita usiku inatoa dampu ya databesi kama gigabaiti 80 za maandishi matupu alafu inaibana na xz -6 (xz ni programu ya kubana faili, -6 ni leveli). Siku hizi tukiingia job saa mbili bado inabana na watu wa akaunti wananikata jicho juu sistemu imekuwa nzito. Nikicheki htop, ile inaonyesha kila kori inafanya nini, kori moja iko mia kwa mia, hizo zingine saba zimelala. Si nilisikia hizi fomati zinakata data kwa bloku? Mbona kila kori isichukue yake?

chapati_na_linux: Hiyo xz yako ni ya kitambo, kabla ya 5.6 ilikuwa inatumia thredi moja, yaani kori moja, mpaka uiambie. Weka -T0 itumie kori zote na utaona. Kwa -6 kamusi, yaani data iliyopita yenye inakumbuka ikitafuta marudio, ni MiB 8 na ukiwasha thredi inakata bloku za mara tatu ya hiyo, yaani MiB 24, kwa hivyo faili ndogo kuliko hapo bado itashikwa na kori moja tu. Angalia memori pia, kila thredi inakula yake. Faili itanenepa kidogo juu bloku moja haioni yenye iko kando yake, lakini kwa 80GB hata hutajua.

mzee_wa_terminal: Sawa lakini hata na kori zote xz ni xz, kazi yake ni kutafuta sana mahali maneno yamejirudia alafu inaandika majibu biti kwa biti, hapo ndio muda unaishia. Mimi nilihamia zstd, ile programu ya kubana Yann Collet alitengeneza akiwa Facebook, leveli 3 na -T0 na sijawahi angalia nyuma. Ukipanda mpaka 19 inakaribia xz kwa udogo lakini pia inaanza kutambaa, so usiende huko bure. Na neno bloku lisikuchanganye: bloku ya zstd haizidi KB 128 na inaruhusiwa kuangalia data ya bloku zilizopita, kwa hivyo hizo sio zenye kori zinagawana, zinagawana vipande vikubwa zaidi.

bado_natumia_bzip2: Mtanicheka lakini bzip2, programu ingine ya kubana ya kitambo, iliniokoa. Stima ilipotea, diski ikaharibu faili katikati, bzip2recover ikatoa bloku zenye zilikuwa zima moja moja, kila moja ni KB 900 na inajitegemea. Speed nakubali ni mbaya, inapanga herufi za bloku nzima kwa ile njia ya Burrows na Wheeler ya 1994, na kufungua pia ni pole pole. pbzip2, ile bzip2 ya kori nyingi, inasaidia kugawa kazi.

mzee_wa_terminal: @bado_natumia_bzip2 dawa ya stima ni UPS bwana 😂

seva_ya_indaa: Asanteni. Nimejaribu zote mbili kwa dampu ya jana. xz -T0 imeshuka vizuri, lakini zstd nilienda kuchukua chai kurudi imemaliza, nikadhani imekufa na era. Faili ni kubwa kuliko ya xz, sio mbaya. Shida sasa ni hii faili inapandishwa kwa klaudi na hiyo intaneti yetu ya ofisi mnaijua, apulodi ndio itachukua usiku mzima. Kuna mtu amejaribu leveli za katikati, 9 ama 12 hivi?

chapati_na_linux: Kata kipande cha 2GB uendeshe zstd -b3 -e12 juu yake, itakupimia kila leveli speed na saizi. Alafu gawanya saizi na speed ya apulodi yako, usiulize sisi, laini yako hatuijui.