Tupeane uzoefu: shamba la nyuma ya nyumba zetu linakatwa viwanja, nyinyi mlisema nini barazani?

Assalaam alaykum. Shehia naificha, ila ni Unguja, kule ambako zamani mtu akikwambia kahamia ulimuonea huruma. Nyuma yetu kuna shamba la minazi, na chini yake bonde ambalo masika hujaa maji mpaka kwa kelele za vyura hatulali. Warithi wameamua kuuza. Mpimaji keshapita, bikoni, yale mawe ya mipaka, zishachimbiwa, na ramani iliyopelekwa baraza la manispaa ina viwanja 64. Sheha katuita, kasema baada ya wiki mbili madiwani watakaa na sisi tutapewa nafasi ya kusema.

Siwalaumu wanaouza. Sensa ya 2012 ilituhesabu Zanzibar watu 1,303,569, ya 2022 ikatukuta 1,889,773. Hao karibu laki sita walioongezeka wakalale wapi? Hata kiwanja changu kilikuwa shamba la mtu. Tatizo ni njia ya kuingilia, moja tu, futi 14, na bonde lote limechorwa nyumba. Waliokwisha kupita hapa, kipi mlisema kikasikilizwa?

Mkaazi wa Mtaroni: Sisi mara ya kwanza tulikwenda na hasira, watu kama arubaini. Huyu anasema wageni watatuharibia watoto, yule anasema upepo utazibwa. Diwani akauliza, "Mnapinga nyumba, au mnapinga nini khasa?" Kimya. Tukarudi kama tulivyokwenda.

Mara ya pili tulimtanguliza bibi mmoja aliyelima mpunga pale tangu msichana. Akasema, "Wazee walipaita Kidimbwini. Mnadhani walikuwa wanatania?" Watu wakacheka, lakini baada yake hakuna aliyebisha habari ya maji. Kijana akaonesha video ya masika, daladala imezama mpaka mlangoni. Na ukutani kwangu nilikuwa nimepiga mstari wa chokaa maji yalipofika, wakaja kuutazama kwa macho yao. Tuliomba mambo manne, tukapata mawili: viwanja saba vya bondeni vikafutwa, na mtaro ukachorwa kwenye ramani. Njia haikupanuliwa, na uwanja wa watoto hakuna hata aliyeujibu. Masika yaliyofuata maji yaliingia nyumba tatu, kabla yake yalikuwa yakiingia kumi na moja. Mke wangu hajapandisha tena magodoro juu ya kabati.

Bi wa Pemba: Huku kwetu ni vilima na mabonde. Walikata viwanja kilimani, wakang'oa kila kitu, mvua ya kwanza udongo mwekundu wote ukashuka kwenye mpunga wetu. Hatukwenda kusema popote kwa sababu muuzaji ni mtoto wa ami yangu, tukaona haya. Misimu miwili sasa lile jaruba langu halina maana.

Fundi wa makaro: Ulizeni makaro, yale mashimo ya maji ya choo! Viwanja 64, kila kimoja karo lake na kisima chake, baina yao hatua ngapi? Maji yetu Unguja karibu yote yanatoka chini ya ardhi, na sehemu nyingi chini ni jiwe la matumbawe lenye matundu. Nimeshachimba mashimo ukimwaga ndoo ya maji huioni tena. Haikupotea, imekwenda kwa jirani.

Nishanunua: Mimi ndiye huyo mgeni mnayemuogopa. Miaka tisa ya kodi ndipo nikapata kiwanja. Nilipofika nikakuta bikoni mbili zimeng'olewa usiku, na migomba imepandwa katikati ya njia iliyo kwenye ramani. Mwaka jana tulifiwa, gari haikupita, jeneza tukalibeba dakika ishirini juani, na waliotusaidia kubeba ni hao hao wenye migomba. Mkenda barazani semeni mnataka njia na mtaro. Wanunuzi watakuwa pamoja nanyi, wao ndio watakaokwama.

Yakhe wa Magharibi: Kuhusu vyura usijali. Zikishajengwa utalala.

Mzee wa ramani: Msisubiri siku ya kikao. Nendeni mapema mkaione ramani yenyewe, si picha ya simu. Na ulizeni shamba limeandikwa nani. Huku ardhi ni mali ya Serikali, sisi tuna haki ya kuitumia, kwa hivyo kukata viwanja ni jambo la kuombewa ruhusa, na ruhusa inaweza kutolewa kwa masharti. Kama ni eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 ndiyo muulize zaidi. Kwetu iligundulika warithi wawili walioko Mombasa hawajui hata kama shamba linauzwa. Kikao kikaahirishwa pale pale.

Aliyeanzisha: Ahsanteni nyote. Leo alasiri tumekwenda bondeni na kamba, misumari na ndoo ya chokaa. Tulipokuwa tunapima akatokea mkubwa wa warithi, nikajua hapa patawaka. Akasimama, akatazama mstari ulipofika, akauliza mara mbili kama ni kweli. Kumbe kile kiwanja cha pembeni, cha chini kabisa, kajiwekea yeye mwenyewe ajenge. Anasema siku ya kikao atakuja, ila akae upande wetu.