Vidonge vya "kukata hamu ya sukari": mnatuuzia mmea au maneno?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Kopo liko mbele yangu, limeandikwa kwa herufi kubwa: "Asilia 100%. Ukiwa na mawazo hutakimbilia tena vitu vitamu." Geuza nyuma sasa: gymnema, griffonia, garcinia, chai ya kijani, halafu "mchanganyiko maalumu, miligramu 650". Basi. Kila mmea umo kiasi gani? Siri ya kampuni. Gymnema inaweza kuwa chembe tu ya kupambia lebo, nani atajua?

Na hiyo gymnema ndiyo inayonichefua. Jani lenyewe linafanya kazi, sibishi. Ukilitafuna, asidi zake huziba vipokezi vya utamu kwenye ulimi. Lamba sukari hapo uone, ni kama mchanga, na hali hiyo hudumu nusu saa hivi au zaidi. Sasa kapsuli unayoimeza na maji inagusa ulimi saa ngapi? Utamu unaonjwa tumboni? Sifa ni za jani la kutafuna, wao wanazibandika kwenye kidonge cha kumeza!

Nikawauliza. Jibu: "Mpendwa mteja, endelea kutumia, mwili unazoea taratibu. Kopo la pili lina punguzo." Yaani!

Hayo ya pesa tuyaache. Mbegu za griffonia zina 5-HTP, ambayo mwili huigeuza kuwa serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia. Wanaokula kwa sababu ya huzuni na msongo ndio hao hao ambao wengine wao wameandikiwa dawa za sonona, na nyingi ya dawa hizo hupandisha serotonini hiyo hiyo. Ukichanganya, inaweza kupita kiasi: mapigo kwenda mbio, kutetemeka, homa, kuchanganyikiwa, hata kufa. Kopo langu limeonya wajawazito tu, tena kwa herufi za kutafutia miwani. Kuhusu dawa za sonona, kimya.

Na asije mtu na "ni mimea tu, haina madhara". Garcinia imehusishwa na watu kuumia ini. Chai ya kijani iliyokolezwa nayo: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitahadharisha kuhusu virutubisho vyenye EGCG (kemikali iliyomo kwenye chai hiyo) kuanzia miligramu 800 kwa siku, kwa sababu ya ini hilo hilo. Changu kina ngapi? Rudi kwenye "mchanganyiko maalumu".

Wauzaji mliomo humu, andikeni miligramu za kila mmea. Mnijibu hapa hapa hadharani, inbox sitaki.